Dizeli, Vumbi na Nyuzi za Magunia

Wenye maghala kuanzia Nyakanazi hadi Rusumo wananiuliza swali lile lile: fundi, foklifti gani haiharibiki? Nawajibu haijatengenezwa. Mimi nauliza vingine. Ikigoma Jumamosi mchana, spea iko wapi? Na nikiipata, nitafika kwenye ubovu kwa spana tatu, au nishushe injini nzima ndipo nione boliti moja?

Maswali hayo sikuyatoa kitabuni. Nimezaliwa Rulenge, nimezeekea kwenye oili, na nimeona jinsi mzigo ulivyohama kutoka kichwani kwenda begani, na kutoka begani kwenda kwenye meno ya chuma.

Kichwa kilitawala muda mrefu. Boma la Wajerumani pale Biharamulo, lile la mwanzoni mwa karne iliyopita, lilisimama kabla gari halijaonekana huku. Ng'ombe wa kukokota wasingesaidia, kwa sababu mapori ya Usubi, yaani huko Biharamulo, yalijaa mbung'o. Kila bati na kila sanduku la misumari lililopita nchi kavu lilipita juu ya mtu. Baadaye yakaja malori, lakini lori linasafirisha tu. Kupakia na kushusha kulibaki kazi ya makuli.

Halafu ikaja 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa takribani saa ishirini na nne, wakimbizi wa Kinyarwanda kiasi cha robo milioni walivuka daraja la Rusumo, daraja lile la zamani la gari moja kwa zamu. Waliwekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyopiga kambi hapo wakati wa kujenga barabara. Baadaye zikaongezeka kambi za Lumasi, Musuhura na Kitali, na Lukole ya Warundi.

Piga hesabu na mimi. Watu 250,000, kila mmoja nusu kilo ya chakula kwa siku: tani 125. Hayo ni magunia 2,500 ya kilo 50, kila siku, Jumapili na sikukuu. Mahindi na maharage yalitoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati hadi Isaka, yakapakiwa kwenye malori, yakapita Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, yakapanda hadi kambini. Kila gunia lilipita mikononi mwa watu walau mara nne kabla halijafunguliwa.

Mgeni angeuliza kwa nini hapakuletwa mashine. Foklifti ilikuwapo duniani tangu kabla ya babu yangu kuoa; kampuni ya Clark kule Michigan ilikuwa na kigari chake cha kubebea mizigo kiwandani mwaka 1917, na Toyota ilitoa foklifti yake ya kwanza 1956. Lakini foklifti ya kawaida ina matairi madogo, na mgongoni imebeba chuma kizito cha kuilinda isipinduke inaponyanyua. Ipeleke kwenye ghala la turubai lililosimamishwa juu ya udongo mwekundu wa Benaco, mvua ya Novemba inyeshe, uone itakavyojichimbia. Bega halihitaji sakafu. Tena ujira wa kupakia ulilisha familia nyingi, za wenyeji na za wakimbizi, na sidhani kama yeyote angefurahi kuona mashine moja inakula kazi ya watu thelathini. Nasi mafundi tulikuwa na kazi ya kutosha ya malori: springi zilizokatika, rejeta zilizotoboka, nozeli zilizokufa kwa dizeli yenye maji.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na barabara ikawa kimya kidogo. Foklifti kwangu zilianza kuwa kazi ya kila siku baada ya hapo, hasa mgodi wa Tulawaka ulipoanza kutoa dhahabu Biharamulo mwaka 2005. Mgodi haushushi mzigo kwa bega. Vipuri vya mitambo vinafika juu ya paleti, vimefungwa nailoni, tani moja na nusu kwa mkupuo. Wakandarasi, stoo na wauza saruji wakaiga. Ndipo ubishi wa mafundi ukaanza kweli: ipi bora?

Za umeme zilijitoa zenyewe. Miaka hiyo Ngara na Biharamulo tuliangaziwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO. Kuchoma dizeli ili uchaji betri ili unyanyue gunia ni kuzunguka mbuyu. Za gesi nazo hazikupata pa kuanzia, maana gesi tuliyoijua ni ya kupikia. Za petroli nilizishika, zile za Nissan zenye injini ya H20. Ni nyepesi, hazina kelele, na kabureta yake unaifungua ukiwa umekaa kwenye ndoo. Ila vumbi la hapa halina adabu. Likipita kwenye filta iliyochanika, jeti zinaziba, unashinda unazipuliza kwa mdomo.

Ikabaki dizeli ya pampu ya kawaida, isiyo na kompyuta. Toyota yenye injini ya 1DZ, lita mbili na nusu, haina mkanda wa taimingi wa kukukatikia, inatumia gia. Foklifti za TCM zikaja na Isuzu C240, injini ninayoiheshimu kuliko zote kwa sababu inasamehe. Ikiishiwa mafuta, unapampu kwa mkono, unalegeza nati za nozeli, unapiga stata mpaka povu liishe, unakaza, kazi inaendelea. Kasoro ya zote mbili ni moja: hita plagi zikifa, asubuhi za baridi za Ngara mjini hazitaki kuwaka, na dereva asiye na subira anaua betri kwa stata.

Lakini kinachoua foklifti nyingi huku si injini. Ni rejeta. Kwenye foklifti imekaa nyuma, katikati ya injini na kile chuma kizito, na feni yake inasukuma hewa kwenda nje badala ya kuivuta ndani. Ghala la nafaka lina vumbi la pumba na nyuzi za magunia. Feni inavizoa sakafuni na kuvibandika kwenye uso wa ndani wa rejeta, upande ambao dereva hauoni. Ukisimama nyuma unaona rejeta safi. Ingiza tochi upande wa injini, utakuta blanketi la nyuzi limeshikana na mafuta, nene kama kidole. Upepo wa kompresa upige kutoka nyuma kuja kwenye injini. Ukipiga kutoka upande wa injini unashindilia. Nimeona silinda hedi mbili zimepinda kwa jambo hilo tu, na wenye mali wanalaumu mtengenezaji.

Meno nayo yapimwe pale yanapokunja. Yakiisha asilimia 10 ya unene, yaani jino la milimita 40 likibaki 36, litupwe. Hapo sibishani na mtu.

Sasa kijana wangu wa gereji ananiambia, "Mzee, hizo Toyota zako ni za kuangalia. Mchina ndiye wa kazi." Anasema hizi zenye injini ya Xinchai 490. Mwanzoni nilimcheka: hosipaipu zake zinachoka mapema, sili za mlingoti zinavuja, na nyaya zake zimefungwa kama mtu aliyekuwa anawahi basi. Lakini akipiga simu Kariakoo leo jioni, gasketi seti inapandishwa basi, na mimi ya 1DZ wananiambia nisubiri waulize. Bei ni nafuu, na injini yenyewe imefunguka, kila kitu unakiona. Mwaka juzi tulikuwa na mbili zimelala siku moja, moja yake na moja yangu. Yake iliondoka kwanza.

Tumekubaliana jambo moja tu, mimi na yeye: zile mpya zenye pampu ya kompyuta zibaki Kahama, waliko wenye mashine ya kuzisoma.