Vipuri vya kompyuta kwa kila mfuko Kitui na Makueni

Anayeunda kompyuta ya mezani mjini Kitui au Wote hana budi kukumbuka joto, vumbi na umeme unaokatika. Mwenye fedha chache atafaidika zaidi akinunua mashine iliyokwisha kutumika ng'ambo, kisha aitie diski ya SSD na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Ila aulize umri wake: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Linux ni ya bure. Mwenye uwezo wa kadiri atangulize pawa saplai imara na UPS. Kadi ya michoro, ambayo wauzaji huisifu mno, yawafaa wahariri wa video na wapenda michezo.