Dawa ya Kuzibua Pua: Inazibua Nini?

Julai baridi inapokaza katika milima ya Kilungu, wengi wanaoingia kwenye maduka ya dawa pale Nunguni huwa na ombi moja: kitu cha kuzibua pua. Ugonjwa wenyewe wao huuita homa, kama Wakenya wengine. Mtanzania angesema mafua. Dawa yenyewe wataalamu huiita dekongestanti.

"Kuzibua" ni neno zuri, ila linapotosha kidogo. Ukilisikia unadhani kuna taka iliyokwama bombani inayosukumwa nje. Kumbe pua ya mwenye mafua haizibwi na kamasi tu. Mishipa midogo ya damu iliyomo imetanuka, utando umevimba, njia ya hewa imekuwa finyu. Dawa kama sudoefedrini huibana mishipa hiyo, uvimbe ukapungua, mtu akapumua.

Tatizo ni kwamba kidonge hakichagui mishipa ya pua. Huzunguka mwili mzima: presha hupanda, moyo hudunda mbio, usingizi hukatika. Mzee aliyevimba tezi dume anaweza kushindwa kukojoa. Mwenye presha kali isiyodhibitiwa hatakiwi kuigusa kabisa. Mambo haya huitwa "athari za kando", na mimi silipendi jina hilo, kwa sababu hayako kando hata kidogo. Ni kazi ya dawa ileile, imefanyika mahali isipohitajika. "Athari zisizokusudiwa" ni istilahi ndefu, lakini inasema kweli.

Dawa za matone na za kupuliza, mfano oksimetazolini, haziathiri sana mwili mzima, lakini zina kisa chake. Zikitumiwa zaidi ya siku 3 hadi 5 mfululizo, pua huanza kuvimba upya kila nguvu ya dawa inapoisha, na mgonjwa huongeza matone akidhani mafua hayajaisha. Hali hiyo naiita "mzibo rejea".

Kuna na finilefrini, iliyomo katika vidonge vingi vya mafua. Septemba 2023 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura 16 kwa 0 kwamba ushahidi uliopo hauonyeshi kuwa inasaidia pua ikimezwa kwa kipimo cha kawaida.

Basi ukifika dukani, taja presha yako na dawa nyingine unazomeza kabla ya kutaja pua. Na mtoto wa chini ya miaka 6 usimpe dawa hizi bila agizo la daktari.