Mgao wa mashine pepe haujaanza leo

Wiki hii kwenye vimbweta habari ni moja tu, mgao wa mashine pepe. Kwa msiosoma mambo ya kompyuta: idara yetu ina seva zake zilizounganishwa kuwa wingu la ndani, na kila mwanafunzi anakatiwa kipande humo, anapata kompyuta ambayo mezani haipo ila inapiga kazi kama ipo. Sasa wametangaza mwisho mashine 2 kwa kichwa, ya tatu uandike barua. Kelele zake si mchezo, eti tunaonewa! Mimi nikasema ngoja tuangalie historia kwanza, maana ugomvi huu una umri kuwazidi wazazi wa wengi wetu.

Twende MIT, Marekani. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kompyuta ilikuwa ghali mno, hivyo kila mtu akapewa neno la siri na muda wake. Mwanafunzi wa udaktari, Allan Scherr, alipangiwa muda wa saa 4 tu kwa wiki, na utafiti wake ulihitaji zaidi. Mwaka 1962 jamaa akashtuka kwamba unaweza kuomba faili lichapishwe kwa kutumia kadi ya matundu. Akaomba faili la maneno ya siri ya watu wote, likachapishwa, akawa anatumia muda wa wenzake. Miaka mingi baadaye alikiri mwenyewe.

Mashine pepe zenyewe zilikuja kutoka IBM, mji huohuo wa Cambridge. Mwaka 1967 mfumo wa CP-40, kazi ya Robert Creasy na wenzake, uliigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe 14. Mwaka 1972 ikatangazwa VM/370, na humo kila mtumiaji aliandikwa kwenye daftari: neno la siri, kiwango cha juu cha memori, na herufi ya daraja lake. Mkuu wa mitambo alikuwa na A, sisi akina yakhe tungekuwa G. Mtu wa G aliitawala mashine yake atakavyo, ila ya jirani haigusi, na kiwango chake havuki.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wakaandika kanuni inayofundishwa mpaka leo: kila mtu na kila programu ipewe ruhusa inayoihitaji kwa kazi yake, basi. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wakaongeza kwamba ruhusa ifuate wadhifa wa mtu, siyo jina lake. Halafu 2010 NASA na Rackspace wakazindua OpenStack, programu huria ya kujengea mawingu ya namna hii. Usipobadilisha kitu, kila mradi unaruhusiwa mashine 10, prosesa 20 na memori MB 51,200.

Hapo kuna vitu 2 ambavyo wengi tunavichanganya. Wadhifa unajibu swali "unaruhusiwa kuanzisha mashine?" Mgao unajibu "ngapi?" Ukiwa na wadhifa bila mgao, seva inageuka shamba la bibi: mtu anawasha mashine 10 za zoezi moja, mtihani ukiisha anazisahau, na memori inaendelea kuliwa wakati mwenzake wa mwaka wa mwisho anakosa hata moja.

Kwa hiyo mimi sipingi mgao. Ninachopinga ni mgao mmoja kwa wote. Wa mwaka wa kwanza anayejifunza amri za Linux, 2 zinamtosha na chenji inabaki. Anayefanya mradi wa mtandao wa seva 5 umemfunga mikono, na huyo ndiye Scherr wetu, ataanza kuazima akaunti za washkaji. Mkiazimana akaunti, daftari lote halina maana tena, hakuna anayejua nani kafanya nini.

Alhamisi wawakilishi wetu wanakutana na idara. Waombe mambo 3: mgao upangwe kwa mradi, kila mashine iwe na tarehe ya kuzimwa, na barua ya kuomba nyongeza ijibiwe ndani ya siku 2. Kudai mgao ufutwe kabisa ni kupoteza kikao.