Serikali isiyo na dini: jambo hili lilifikaje kwetu Lualaba

Tunaposikia kwamba Kongo ni nchi ya laiki, wengi katika makusanyiko yetu hushtuka, kana kwamba Serikali imemkana Mungu. Neno hilo limo katika kifungu cha 1 cha Katiba ya 2006. Maana yake ni kwamba Serikali haina dini yake yenyewe.

Ulaya ilifika hapo polepole, baada ya vita vya dini vilivyomwaga damu nyingi. Ufaransa ilitenga kanisa na Serikali kwa sheria ya 1905. Lakini ugomvi uliotugusa sisi ni wa Ubelgiji. Mwaka 1879 Waliberali wa huko waliondoa dini katika masomo ya lazima ya shule za komini. Wakatoliki waliposhinda uchaguzi wa 1884, wakageuza sheria hiyo. Mabishano hayo yalisafiri mpaka koloni.

Huku, mapatano ya 1906 na Vatikano yaliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi, nao wafundishe shule. Misioni za Kiprotestanti, nyingi zikiwa za Waingereza na Wamarekani, zilihesabiwa za kigeni. Anayetoka Likasi kuja Fungurume hupita Mulungwishi, misioni ya Wamethodisti. Kwa miaka mingi shule za namna hiyo ziliendeshwa bila msaada wa Serikali. Msaada ulikuja baada tu ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1954 waziri Mliberali, Auguste Buisseret, akafungulia watoto wa Kiafrika shule za Serikali zisizo za kanisa. Tuseme kweli: aliyepunguza upendeleo ule hakuwa mtu wa kanisa, na sisi Waprotestanti tulifaidika.

Mambo yalikuwa tofauti chini ya Mobutu. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote vilitwaliwa na kuunganishwa. Mwaka 1972 majina ya Kikristo ya kigeni yalikatazwa. Kardinali Malula alipopinga, alilazimika kukaa Roma kwa muda. Mwaka 1974 Noeli iliacha kuwa sikukuu ya taifa, shule za makanisa zikachukuliwa, na mahali pa somo la dini likawekwa somo la siasa ya chama. Hiyo haikuwa laiki. Mobutu alitaka chama chake MPR kikae kwenye kiti cha kanisa, na wazee wetu waliosoma wakati ule wanakumbuka nyimbo za kumsifu kila asubuhi bendera ikipandishwa.

Shule hazikuendeshwa vizuri bila makanisa, na mwaka 1977 zikarudishwa kwa mkataba: kanisa lisimamie, Serikali ilipe walimu. Ndivyo shule zetu za mkataba zilivyo hadi leo, na kila mshahara unapochelewa, mchungaji na mkurugenzi wa shule huulizana ni mlango gani wa kubisha. Chuo kikuu ambacho Waprotestanti walikianzisha Kisangani mwaka 1963 hakikurudishwa. Leo ni Chuo Kikuu cha Kisangani, cha Serikali.