Askari aliyeandika vita yake mwenyewe

Najua nimepotea, msinichape. Semina za Historia zilinibana, halafu bumu likachelewa, hata vocha ikawa shida. Leo nimekaa zangu kwenye kimbweta nyuma ya maktaba, nataka niwaambie habari za mzee mmoja aliyeninyima usingizi.

Swali la semina lilikuwa fupi: historia ya vita Afrika Mashariki imeandikwa na nani? Nikanyoosha mkono fasta: wazungu! Ushahidi nilikuwa nao. Kitabu kikubwa cha historia ya King's African Rifles, yaani KAR, kilitoka mwaka 1956, na mwandishi wake ni Luteni Kanali wa Kiingereza, H. Moyse-Bartlett. Kurasa zaidi ya 700. Babu zetu wamo, ila utawaona kama vikosi tu: batalioni hii imevuka mto, kampuni ile imeshika kilima. Nikakaa chini nikijiona nimemaliza kazi.

Dada mmoja wa nyuma akauliza, "Na Itote je, kaka?" Nikanywea. Sikuwa namjua.

Basi nikaenda kumtafuta. Waruhiu Itote alizaliwa Nyeri, Kenya, mwaka 1922. Mwaka 1942 akajiunga na KAR, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Anasimulia mwenyewe kwamba huko askari mmoja Mwingereza alimshangaa: mimi naipigania nchi yangu, wewe Mwafrika unapigania nini hasa? Swali hilo akarudi nalo nyumbani. Akafanya kazi reli, akaingia siasa za chama cha KAU, na mwaka 1952 akaingia msituni Mlima Kenya kuongoza wapiganaji wa Mau Mau. Wakamwita Jenerali China. Mbinu alizofundishwa na Waingereza akazigeuzia kwao wenyewe.

Januari 1954 akapigwa risasi, akakamatwa. Mahakama ikamhukumu kunyongwa. Lakini hakunyongwa, na hapa ndipo pagumu. Alikubali kuisaidia serikali ya kikoloni kuwashawishi wenzake wa msituni waje kwenye mazungumzo. Mazungumzo yakavunjika, yeye akapona kitanzi. Wapo waliomwita msaliti. Akafungwa Lokitaung, kule Turkana, pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza gerezani. Akaachiwa mwaka 1962, akapelekwa Israel kusomea uafisa, kisha akawa naibu mkurugenzi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa ya Kenya.

Halafu akafanya kile ambacho askari wengi hawafanyi: akakaa chini akaandika. Kitabu cha kwanza, "Mau Mau" General, kilitoka mwaka 1967, na kingine, Mau Mau in Action, mwaka 1979. Kumbukeni sheria iliyoipiga marufuku Mau Mau iliondolewa Kenya mwaka 2003 tu, miaka kumi baada ya Itote kufariki.

Semina iliyofuata nikaja nimejaa: huyu ndiye mwanahistoria wetu! Mwalimu akanituliza. Akasema mtu aliyepigana akiandika vita yake, anaandika pia kujitetea. Msome, lakini muulize: hapa umeficha nini? Kweli, nikirudia zile kurasa za kukamatwa naona mtu anayetaka sana aeleweke. Ila nami nikajiuliza: kama asingeandika, tungemsikia kupitia nani? Kupitia waliomhoji akiwa na pingu.

Na hapo, wadau, ndipo nilipomkumbuka babu yangu.

Nyumbani kwetu ni Nyambureti, Serengeti. Babu alikuwa mgambo, akaenda vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Tangu niko mdogo anatusimulia jioni ng'ombe wakishaingia zizini: jinsi daraja la Kyaka lilivyobomolewa, walivyovuka mto, matope mpaka magotini. Lakini akifika Masaka ananyamaza. Anaomba maji, anauliza kama mbuzi wote wamerudi. Nimesoma sasa kwamba Masaka ilitekwa Februari 1979 na mji ukabomolewa vibaya sana. Babu alikuwepo. Aliona nini, alifanya nini, sijui. Nilikuwa nasema nitamrekodi nikipata simu nzuri. Simu nzuri ninayo mwaka wa pili huu.

Juzi nilimpigia. Akaniita kwa jina la marehemu baba, akaniuliza kama nimeshauza yale mahindi. Nikamjibu ndiyo, nimeuza. Nikakata simu nikakaa kitandani muda mrefu.

Itote aliiandika sehemu yake ngumu, hata kama aliipaka rangi kidogo. Ya babu inafutika, na hakuna Luteni Kanali atakayekuja Nyambureti kuiandika. Mimi ndiye ninayesomea Historia, nikiwa bize kukariri vita vya Napoleon nisipate sapu.

Test ya mwisho ni Alhamisi. Ijumaa alfajiri napanda basi, na kaunta buku nimeshanunua. Akinyamaza Masaka, nitaandika kwamba amenyamaza.

Kama una mzee wa vita nyumbani, usingoje likizo ya mwakani. Haya, narudi kukomaa na notsi. Tuonane nikirudi.