V. V. Giri na Suala la Nani Aamue Mgogoro wa Kazi

Varahagiri Venkata Giri (1894–1980) hukumbukwa zaidi kama Rais wa nne wa India, ilhali mchango wake mzito ulitangulia urais huo, nao umo katika hoja moja aliyoishikilia kwa miaka mingi: kwamba mgogoro wa kazi umalizwe na wenyewe, yaani mwajiri na chama cha wafanyakazi, wala si na chombo kilichoundwa na serikali.

Hoja hiyo ilikomaa relini. Giri, mzaliwa wa Berhampur aliyesomea sheria Dublin na kurejea nyumbani mwaka 1916, alijitosa katika kuwaunganisha wafanyakazi wa reli ya Bengal Nagpur, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akawaongoza kugoma kupinga kupunguzwa kazini. Alipopewa Wizara ya Kazi mwaka 1952 katika serikali ya Jawaharlal Nehru, aliikuta Sheria ya Migogoro ya Viwandani ya 1947, iliyoiruhusu serikali kuupeleka mgogoro mbele ya baraza la uamuzi, chombo chenye mamlaka yanayokaribia ya mahakama, na kupiga marufuku mgomo shauri likiendelea. Utaratibu huo wa uamuzi wa lazima, kwa mtazamo wake, ulivinyong'onyeza vyama vya wafanyakazi, kwa sababu kiongozi aliyepaswa kuandikisha wanachama na kukusanya ada aligeuka mfuatiliaji wa mashauri, huku mwajiri akikosa sababu ya kukubali mezani jambo ambalo huenda baraza lingemnyima mfanyakazi. Badala yake alitaka majadiliano ya pamoja, ambamo chama huzungumza kwa niaba ya wafanyakazi wote na kufunga mkataba na mwajiri.

Waliompinga hawakuwa waajiri peke yao. Vyama vyenyewe vilikuwa vimegawanyika kisiasa, INTUC ikifungamana na chama cha Congress, AITUC na wakomunisti, HMS na wasoshalisti, hivi kwamba katika kiwanda kimoja viliweza kuwapo vyama kadhaa, kila kimoja kikidai kuwa ndicho msemaji. Kwa chama dhaifu, baraza la uamuzi lilikuwa ngao pekee, na hapa ndipo msimamo wa Giri ulipopwaya: majadiliano huhitaji nguvu ambayo wafanyakazi wengi wa India hawakuwa nayo bado.

Agosti 1954 alijiuzulu, baada ya serikali kuipunguza tuzo ambayo baraza la rufaa la kazi lilikuwa limewapa wafanyakazi wa benki. Huenda ikashangaza kwamba mpinzani wa mabaraza aliacha uwaziri kwa kutetea uamuzi wa baraza, lakini hakuna mgongano hapo. Serikali inayomzuia mfanyakazi kugoma na kumwelekeza barazani imejifunga kuheshimu kitakachoamuliwa, na ikiutengua uamuzi usioipendeza, mfanyakazi hubaki bila mgomo na bila haki. Katika maisha yake yote ya kisiasa, hatua hiyo ya kujiuzulu ndiyo inayostahili heshima kubwa kuliko zote. Miaka 15 baadaye, akikaimu urais, aliyekuwa waziri huyo alitia saini amri ya kutaifisha benki 14, kisha akajiuzulu na kushinda urais akiwa mgombea binafsi dhidi ya Neelam Sanjiva Reddy, mgombea rasmi wa Congress.

Alikuwa bado Ikulu wakati wafanyakazi wa reli nchini kote, chini ya kiongozi wao George Fernandes, walipogoma kuanzia Mei 8, 1974. Fernandes alikuwa amekwisha kukamatwa siku chache kabla, mazungumzo yakiwa hayajafikia mwafaka, na maelfu ya wafanyakazi walitiwa ndani na familia kufukuzwa katika nyumba za reli, hadi mgomo ukasitishwa mwishoni mwa mwezi huo. Katiba ya India humtaka Rais atende kwa ushauri wa mawaziri, kwa hiyo si haki kumbebesha Giri lawama za amri hizo za kuwakamata na kuwafukuza. Hata hivyo, zilitolewa kwa mamlaka ya dola aliyoiongoza, dhidi ya watu wa kazi ileile iliyomlea kisiasa. Nalo suala lililoudhoofisha msimamo wa Giri, la chama kipi kiwe msemaji, lilibaki bila jibu la jumla katika sheria ya taifa hadi kanuni mpya ya mahusiano ya viwandani ilipopitishwa mwaka 2020, ikikitambua kuwa mjadili pekee chama chenye asilimia 51 au zaidi ya wafanyakazi waliosajiliwa mahali pa kazi.