Upangaji Sanifu wa Vifaa vya Upasuaji, Ufipa

Upangaji sanifu wa vifaa vya upasuaji ni utaratibu unaokipa kila kifaa nafasi ya kudumu mezani, ili muuguzi aliyefunzwa akikuta meza iliyopangwa na mwenzake aielewe bila kuuliza. Katika Ufipa, yaani nyanda za juu za Mkoa wa Rukwa, upasuaji hufanyika katika hospitali kadhaa, zikiwemo mbili za mjini Sumbawanga: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Dkt. Atiman, ambayo jina lake linamkumbuka Adrian Atiman, katekista na tabibu aliyewahudumia watu wa Karema tangu 1889.

Asili

Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Mmarekani Frank Gilbreth, aliyechunguza mienendo ya mikono kazini, aliona kwamba wapasuaji hupoteza muda mwingi kutafuta vifaa, akapendekeza muuguzi awe anawakabidhi kwa mpangilio maalumu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, iliyojaribiwa katika miji minane ikiwemo Ifakara, nayo hutaka hesabu ya vifaa, sindano na gozi (vitambaa vya kufyonza damu) ithibitishwe kwa sauti kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Katika majaribio hayo, yaliyochapishwa mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mpangilio wa meza

Seti ya upasuaji wa kujifungua, ambao ni sehemu ya huduma kamili ya dharura ya uzazi, hufungwa katika kitambaa pamoja na orodha ya vilivyomo. Muuguzi msaidizi wa mpasuaji, akiwa amevaa joho na glavu zilizotakaswa, hutandaza kitambaa kilichotakaswa na kuvipanga vifaa kwa mfuatano wa matumizi: visu, mikasi, koleo za kushika tishu, koleo za kubana mishipa ya damu, vishikio vya kupanua jeraha, kisha vishika sindano na nyuzi. Vyenye ncha kali hukabidhiwa ndani ya bakuli, si mkono kwa mkono. Muuguzi wa pili, asiyegusa eneo lililotakaswa, huhesabu pamoja naye na kuandika. Faida ya mpangilio na hesabu hiyo huonekana zaidi usiku, muuguzi wa zamu anapoitwa kufanya kazi na timu asiyoizoea, kwani gozi lililosahaulika tumboni huweza kumrudisha mgonjwa mezani akiwa na uambukizo.

Utakasaji na mwinuko

Mpangilio bora hauna maana ikiwa vifaa vyenyewe si safi, na Ufipa ina tatizo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya pwani hailioni. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 94, na kuchemsha, ambako hata pwani hakuui vijimbegu vya bakteria vilivyo sugu, huku ni dhaifu zaidi. Otoklevu, yaani mtambo wa kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo, hufikia nyuzijoto 121 kwa paundi 15 kwa inchi ya mraba katika usawa wa bahari. Kwa kuwa kipimo huongezwa takribani nusu paundi kwa kila mita 300, Sumbawanga huhitaji karibu paundi 18. Utepe unaobadilika rangi huthibitisha tu kwamba furushi limepita kwenye joto, wala si kwamba vijidudu vyote vimekufa.

Kaizen na Mbeya

Hospitali ya Rufaa Mbeya, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka Rukwa kwa safari ya zaidi ya kilomita 300, ilianza mwaka 2007 mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, 5S-Kaizen, kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA. Hatua zake ni tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wizara ya Afya iliieneza baadaye kwa hospitali nyingine. Makabati yenye lebo na trei zenye alama ni matunda yake yanayoonekana.

Mpango wa kitaifa

Mpango wa kitaifa wa upasuaji, uzazi na ganzi wa 2018–2025 ulijumuisha mafunzo ya wauguzi wa vyumba vya upasuaji.